Mgeni Rasmi Alipolala

Nchi ninayotaka kuisimulia iko mbele kidogo ya ile unayoifikiria wewe, kwa hiyo tafadhali acha kuifikiria. Mimi huko ni karani daraja la tatu katika Wizara ya Amani, Ulinzi na Sherehe. Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu. Mheshimiwa Waziri akisema naandika, akikohoa naandika "akakohoa," akinyamaza naandika "akatafakari." Miaka kumi na moja sasa sijapata onyo, isipokuwa lile la mwaka juzi nilipoandika "akasinzia."

Ieleweke mapema kwamba naipenda serikali yangu. Kule kijiweni kwetu wapo watu wanaoisema vibaya huku wanakunywa kahawa, na kahawa yenyewe wanaikopa. Hao hawajui kazi inavyofanyika. Mimi najua, maana naiandika.

Nchi yetu haijawahi kupigana vita. Ni kweli kwamba miaka tisa iliyopita wanajeshi wetu mia nane walivuka mto kuingia nchi jirani, lakini walikwenda kupanda miti. Zoezi liliitwa Operesheni Kijani. Walikwenda na vifaru kwa sababu ardhi ya kule ni ngumu. Walipanda miti miezi kumi na minne, na arobaini na mmoja kati yao hawakurudi, kwa kuwa walihamishiwa vituo vingine vya kazi. Familia zao ziliarifiwa kwa barua kwamba vituo hivyo ni vya mbali na havina simu. Barua hizo nilizichapa mimi, zote arobaini na moja, na hazikuwa na kosa hata moja la herufi.

Taabu ikaanza kwa wale waliorudi. Mmoja akawa hakai mahali mpaka mgongo wake uegemee ukuta. Mwingine akawa hali chakula kilichochomwa. Wakaenda hospitali, na hospitali ikawaeleza kwa upole kwamba ugonjwa wao ni wa watu waliotoka vitani, na kwa kuwa wao hawakutoka vitani, basi hawaumwi. Mwisho daktari mmoja mwenye huruma aliandika kwenye vyeti vyao "uchovu wa miche," akawapa vidonge vya kichwa.

Mmoja wa hao alikuwa Koplo mstaafu Hemedi Likungu, fundi baiskeli, mtu mpole, mwenye mabinti wawili. Binti mkubwa alipoolewa, matarumbeta yalipiga kama kawaida ya harusi, ngoma kubwa ikalia mara moja, na Hemedi akamrukia baba wa bwana harusi, akamwangusha, akamlalia juu na kumfunika kichwa kwa mikono miwili. "Lala!" alikuwa akipiga kelele. "Lala chini, bado wanakuja!" Baba wa bwana harusi alipoteza meno mawili ya bandia, na mtaa mzima ulicheka mwezi mzima. Nami nilicheka, siwezi kukataa.

Sasa ilikuwa zamu ya binti mdogo, Hadiya. Hadiya alimwambia baba yake kwamba matarumbeta hayana ulazima, wataweka muziki wa redio. Hemedi akakataa kabisa. "Mwanangu hataolewa kimyakimya kama tumemwiba," alisema. "Nitakushika mkono, nitakutoa ndani mpaka kwenye gari, matarumbeta yanalia, nami nimesimama kwa miguu yangu." Zilikuwa zimebaki wiki sita.

*

Na hapo ndipo dawa ilipokuja. Wafadhili fulani wa ng'ambo walileta vidonge ishirini vilivyotokana na uyoga. Si uyoga wa mchuzi. Huu ukiumeza unalala kitandani umefungwa kitambaa machoni, mshauri mmoja amekaa kulia kwako na mwingine kushoto, na kwa saa sita unaona yale uliyoyafungia ndani ya kichwa chako, unayasema, unalia, na wengi wakiamka wanakuwa wamepungukiwa mzigo. Aliyetueleza haya ni Dakta Nuruana Kisinda, mwanamke mfupi asiyependa hotuba, ambaye kwa sababu hiyo hakuwahi kupandishwa cheo. Alisema vidonge ishirini ni vya wastaafu ishirini, wala hakuna cha ziada.

Wizara iliipokea dawa kwa mikono miwili, ikaiundia kamati, na kamati ikagundua hatari moja: mgonjwa anaweza kuona kitu ambacho hakikutokea. Kwa hiyo ikatungwa Fomu ya Maono, ambayo mgonjwa huijaza kabla ya kumeza dawa, akieleza ataona nini. Kazi ya kuwasaidia wazee kuijaza nilipewa mimi.

Hemedi alikuja wa kwanza, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Hapa, mzee wangu, andika utakachokiona."

"Sijakiona bado."

"Ndiyo maana unaandika sasa. Ukishakiona utakuwa umechelewa."

Alifikiri sana. "Nitaona mto," alisema.

"Mto upo kwenye orodha ya visivyoruhusiwa. Tazama, namba tatu. Mto, boti, moshi, na mtu yeyote asiye na kichwa."

"Basi wewe unanishauri nione nini?"

"Wengi wanaona mikaratusi," nikamwambia.

Akaandika "mikaratusi" kwa mwandiko mzuri, akatia sahihi. Kisha akauliza kama dawa itakuwa tayari kabla ya harusi. Nikamhakikishia kwamba uzinduzi ni wiki ijayo, na kwamba kidonge namba moja kitawekwa kwenye kikombe chenye jina lake. Alinishukuru mara tatu, akaniachia kadi ya harusi. Nikaona raha kweli, maana ni nadra kwa karani kumfurahisha mtu.

*

Hapa sina budi kueleza itifaki yetu, ambayo ndiyo fahari ya nchi. Kifungu cha tano cha Kanuni za Itifaki kinasema kwamba hakuna kitu kinachoanza kutumika kabla mgeni rasmi hajakitumia. Kisima kikichimbwa, maji anayanywa yeye kwanza. Choo cha sekondari ya wasichana kilipozinduliwa, Mheshimiwa aliingia, sote tukasubiri nje na bendi. Kiti cha meno cha hospitali ya wilaya kilipozinduliwa, aling'olewa jino lililokuwa zima kabisa, akapiga makofi mwenyewe. Kifungu cha sita kinasema kwamba mgeni rasmi akisimama wote husimama, akikaa wote hukaa, na hakuna anayeinuka kabla yake.

Mheshimiwa Waziri, Balthazari Njowoka, kanali mstaafu, alikuwa mgeni rasmi wa kila kitu. Ni yeye aliyesimamia Operesheni Kijani, na kwa kazi ile ya mazingira alipewa nishani nne.

Siku ya uzinduzi turubai zilifungwa kwenye uwanja wa wizara, kitanda cha dawa kikawekwa juu ya zulia jekundu, na televisheni ya taifa ikarusha kila kitu moja kwa moja. Wastaafu ishirini walipangwa mbele wamevaa suti. Mheshimiwa alipoingia, matarumbeta yakapiga, na wastaafu wote ishirini wakajitupa chini kwa mpigo.

"Ona wazee wetu!" alisema mshereheshaji kwenye kipaza sauti. "Wameshindwa kuizuia shukrani yao! Wamelala kifudifudi mbele ya serikali yao sikivu!"

Watu wakashangilia. Hemedi alikuwa ameingia chini ya kiti cha Katibu Mkuu, na pale alibaki.

Mheshimiwa alihutubia kwa dakika hamsini. Alisema kwamba serikali yake haitalala, kwamba akili ya mstaafu ni mali ya taifa, na kwamba uyoga ni zao la kimkakati. Kisha akakiendea kikombe namba moja.

Dakta Kisinda akasimama njiani. "Mheshimiwa, hicho ni cha mgonjwa. Dawa hii si maji ya kisima. Wewe hujaandaliwa, na hujui ndani yako kuna nini."

"Ndani yangu kuna uzalendo tu, daktari," alisema Mheshimiwa, na watu wakapiga makofi.

"Kina jina la mtu, Mheshimiwa."

"Na mimi ni nani kama si mtumishi wa mtu huyo?"

Akameza. Akalala kitandani, akafungwa kitambaa machoni, huku anapunga mkono kwa kamera.

Hapo ndipo Bi Agripina, mkuu wa itifaki, alipoingiwa na wasiwasi. Akisimama tunasimama, akikaa tunakaa. Akilala? Alifungua kitabu cha kanuni, akakifunga, akavua viatu, akajilaza kwenye zulia. Katibu Mkuu akafuata, naye anasema zulia halikufagiliwa. Mabalozi wakafuata, viongozi wa dini wakafuata, bendi ikafuata. Mimi nililala ubavu ili mkono wa kuandikia ubaki huru. Dakta Kisinda peke yake ndiye alibaki amekaa, kwa sababu ni mkaidi.

*

Dakika arobaini zilipita, Mheshimiwa anatabasamu. Kisha tabasamu likamwisha usoni.

"Mto umejaa," alisema. Nikaandika.

"Mheshimiwa anatoa tahadhari ya mafuriko," mshereheshaji akawaambia watazamaji akiwa amelala.

"Redio inaita. Wanaomba boti. Nimewaambia boti ziko njiani." Akatikisa kichwa. "Boti hazipo. Nilizichukua kuvushia magari yangu."

"Hapa anagusia changamoto za usafiri wa majini," alisema mshereheshaji, lakini sauti ilianza kumpungua.

Ndipo Mheshimiwa akaanza kutaja majina. Aliyataja kama yanavyotajwa asubuhi kwenye gwaride, cheo kwanza, jina la kwanza, jina la ukoo, halafu anangoja. Sajini Tobias Mpangala. Kimya. Private Yusufu Nandonde. Kimya. Mshereheshaji alisema hayo ni majina ya wapanda miti bora, na baada ya jina la sita hakusema tena. Mimi niliendelea kuandika, ndiyo kazi yangu. Kila jina nililifahamu. Nilikuwa nimeyachapa kwenye barua, na hayakuwa na kosa hata moja. Nilipofika la ishirini nikajisikia vibaya sana, vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia ofisini.

Yalifika arobaini na moja. Mheshimiwa hakukoma.

"Koplo Hemedi Likungu," aliita, akangoja.

Chini ya kiti cha Katibu Mkuu kitu kilisogea. Hemedi akatoka anatambaa, akapita juu ya balozi mmoja, akafika kitandani.

"Nipo, afande."

"Uongo. Wewe nilikuacha ng'ambo ya mto."

"Uliniacha, afande. Nikatembea siku kumi na moja. Nipo."

Mheshimiwa akaushika mkono wa Hemedi kwa mikono yake miwili. Nikaandika "akatafakari." Nikakata. Nikaandika "akalia."

Dakta Kisinda alikaa upande mmoja, Hemedi upande wa pili, na mgonjwa akaangaliwa kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Saa zile zote sisi tulilala kwenye zulia, na taifa likatazama. Baadaye televisheni iliweka picha ya maua, lakini sauti waliisahau. Kila Mheshimiwa alipotetemeka, Hemedi alimwambia, "Niko hapa, afande, sema tu." Kidonge alichokingoja yeye ndicho kilichokuwa kinafanya kazi ndani ya tumbo la mwenzake, na sikumsikia akinung'unika hata mara moja.

*

Tamko la wizara lilitoka siku ya pili. Lilieleza kwamba maono ya Mheshimiwa hayakujazwa kwenye fomu, kwa hiyo hayakutokea. Hata hivyo mpango umefanikiwa kwa asilimia mia moja, kwani mgonjwa aliyetibiwa ni mmoja na aliyepona ni mmoja. Kwa kuwa lengo limefikiwa, mpango umefungwa. Vidonge kumi na tisa vilivyobaki viliwekwa kwenye kabati la kioo pale mapokezi, pamoja na mkasi uliokatia utepe na kikombe namba moja.

Na mimi nikaamriwa kufuta majina kwenye kumbukumbu. Nilitii mara moja. Ila Fomu ya Kufuta Maneno inadai maneno yanayofutwa yaandikwe yote, kwa ukamilifu, nakala nne, na nakala moja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo siku ishirini na moja ili mwenye pingamizi ajitokeze. Nikabandika. Siku ya tatu alikuja mama mmoja, akasoma, akaweka kidole kwenye jina la kumi na tisa, akasimama hapo mpaka tukafunga ofisi. Kesho yake alirudi na kiti chake. Kufikia mwisho wa wiki viti vilikuwa vimejaa korido, na hakuna aliyeleta pingamizi, maana pingamizi likiletwa tangazo huondolewa, nao wote walitaka likae. Katibu Mkuu aliniuliza kwa nini sikutafuta njia fupi. Nikamjibu kwamba mimi ni karani, njia fupi sizijui.

Hemedi naye alikuja. Alisimama mbele ya kabati.

"Mwanangu, kile pale ni kikombe changu."

"Ndiyo, mzee. Ni heshima kubwa, jina lako litakaa hapo milele."

"Ni kitupu."

Nilipendekeza aandike barua, akasema ameshaandika nne, na Dakta Kisinda saba.

"Harusi ni Jumamosi," alisema. "Kumwambia Hadiya siwezi. Hebu wewe mwenye elimu nieleze, nitasimamaje?"

Nilimwangalia mzee yule, nikaona aibu. Nikamwahidi kwamba angalau nitakuja.

*

Sikwenda peke yangu. Ijumaa Mheshimiwa aliniita. Alikuwa amekonda kidogo, na nishani alikuwa hajavaa. Akauliza kama ni kweli kuna harusi kwa Koplo Likungu. Nikamwonyesha kadi. "Tutakwenda," alisema, na Bi Agripina akaanza kupiga simu.

Kwa hiyo Jumamosi mchana, kwenye ua wa fundi baiskeli, palikuwa na wageni mia tatu na kumi, sufuria sita za wali, na waziri mzima amekaa kwenye kochi lililoazimwa kwa jirani. Watu walikuwa wakimwangalia wakinong'ona, maana nao walikuwa na televisheni. Baba wa bwana harusi, ambaye habari za meno alikuwa amezisikia, alikaa mbali, ameshika mkeka.

Hadiya alitolewa. Alipendeza kweli, shela mpaka chini, mkono wake kwenye mkono wa baba yake. Hatua ishirini mpaka kwenye gari. Wapiga matarumbeta kumi na wawili walijipanga kando ya njia, na yule wa ngoma kubwa akanyanyua kirungu chake. Hemedi alikiona kile kirungu. Niliona goti lake la kushoto linaanza kukunjika, na nikaona kwenye midomo ya watu kicheko kimeshajiandaa.

Mheshimiwa pia alikuwa anaangalia goti lile.

Akainuka. Sote tukainuka. Akatembea haraka mpaka katikati ya ua, na kabla kirungu hakijashuka, akajilaza kifudifudi kwenye vumbi na suti yake nyeusi, mikono juu ya kichwa.

Ngoma ikalia. Hemedi akaenda chini, na Hadiya naye, mkono wa baba ukiwa juu ya shela lake.

"Kifungu cha sita!" Bi Agripina akapiga ukelele, akajitupa.

Basi tukalala. Shangazi za bwana harusi, wapishi, mpiga picha, shehe, wageni wote mia tatu na kumi. Baba wa bwana harusi alitandika mkeka wake kwanza. Matarumbeta yaliendelea kupiga, wapigaji wamelala chali, tarumbeta kubwa inatazama mawinguni. Hemedi alipoinua uso, akatazama huku na huku kumtafuta mtu wa kumcheka. Hapakuwa na mtu aliyesimama.

Wimbo ukaisha. Tukangoja.

"Mheshimiwa," Katibu Mkuu alinong'ona, "tuinuke?"

"Bado," alisema Mheshimiwa, shavu likiwa kwenye vumbi.

"Wali unaungua!" mpishi mmoja akalalamika.

"Nimesema bado." Alikuwa anamwangalia Hemedi tu.

Hemedi alisikiliza kwa muda. Akapiga magoti. Kisha akasimama, akamsimamisha binti yake, akamkung'uta vumbi kwenye shela. Yule wa ngoma, ambaye hakuwa anaona kitu, akaanza wimbo wa pili kwa kishindo. Mabega ya Hemedi yaliruka, Hadiya akamshika kwa mikono miwili. Alibaki amesimama. Wakatembea zile hatua ishirini, polepole, kati ya watu waliolala, na Hadiya akaingia kwenye gari.

Ndipo Hemedi aliporudi, akamnyooshea Mheshimiwa mkono.

"Inuka, afande," alisema. "Wameshapita."

Mheshimiwa akainuka, nasi sote tukainuka baada yake. Wali uliungua kidogo chini, lakini tulikula.

Jumatatu nilijaza ripoti ya hafla, kama kawaida. Sehemu ya kwanza inauliza jina la mgeni rasmi. Nilikifungua kitabu cha kanuni ili nisikosee, maana naipenda kazi yangu. Kifungu cha sita kinasema wazi kwamba mgeni rasmi ni yule ambaye hakuna anayeinuka kabla yake. Nikaandika: Koplo Hemedi Likungu. Mheshimiwa aliisoma, akakaa nayo muda mrefu, akatia sahihi.